Njia ya Ufamasia Huanzia Darasani

Mbalizi ni mji mdogo ulioko magharibi ya Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma hadi Zambia. Malori hupita usiku na mchana, wakulima hushusha mazao yao kutoka vilimani, na miongoni mwa maduka yaliyopangana barabarani hayakosekani maduka ya dawa. Kijana wa sekondari apitaye hapo kila asubuhi huliona koti jeupe nyuma ya meza ya dawa, akatamani siku moja alivae yeye. Tamaa hiyo ni njema na inafaa kutiwa nguvu. Lakini ni nani amwelezaye njia itakayomfikisha huko, na humweleza wakati gani?

Swali hili haliwahusu watu wa Mbalizi peke yao. Afya si jambo la Muungano, lakini elimu ya juu na Baraza la Taifa la Mitihani ni mambo ya Muungano. Kwa hiyo mtoto wa Mbalizi na mtoto wa Wete au Makunduchi hufanya mtihani mmoja wa Kidato cha Nne na mmoja wa Kidato cha Sita. Njia iliyofichika kwa huyu imefichika kwa yule pia.

Kwanza hatuna budi kuelewa mfamasia ni nani. Wako wadhanio kwamba kila auzaye dawa ni mfamasia. Sivyo. Katika Duka la Dawa Muhimu, utaratibu ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini, anayehudumia huwa ni mtoa dawa aliyepata mafunzo ya wiki chache. Kazi yake ni ya manufaa makubwa kwa vijiji, lakini ina mipaka yake. Mfamasia ni mtaalamu aliyesomea namna dawa inavyotengenezwa, inavyohifadhiwa, inavyofanya kazi mwilini, inavyogombana na dawa nyingine, na kiasi kimfaacho mtoto mchanga, mama mjamzito au mzee.

Umuhimu wa elimu hiyo tumekwisha kuuona kwa macho yetu. Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea. Dawa ya SP iliyochukua nafasi yake nayo ikaanza kushindwa, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Zanzibar ilikuwa imetangulia kuichukua njia ya mseto tangu mwaka 2003. Fundisho lake ni wazi: dawa ni mali iwezayo kuharibika mikononi mwa watu. Mgonjwa apewaye nusu dozi, au dawa isiyo ya maradhi yake, huvipa vijidudu nafasi ya kuishinda dawa hiyo, na hasara huwafika hata wasiougua leo.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Iko ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni kupitia Kidato cha Sita. Mwanafunzi husoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, akafaulu vizuri, akaingia chuo kikuu kwa shahada ya miaka minne. Masomo hayo yalianza Muhimbili mwaka 1974, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu mwaka 2007 Muhimbili ni chuo kikuu kamili. Leo shahada hiyo hutolewa pia katika vyuo vingine, kama Mtakatifu Yohana cha Dodoma na kile cha Bugando, Mwanza. Baada ya shahada upo mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi, ndipo mhitimu apimwe na kusajiliwa na Baraza la Famasi, ambalo kwa Bara linafanya kazi chini ya Sheria ya mwaka 2011. Bila usajili, shahada haimpi mtu ruhusa ya kuitwa mfamasia.

Namna ya pili huanzia Kidato cha Nne. Mwanafunzi mwenye ufaulu wa masomo manne, Kemia na Baiolojia yakiwamo, huweza kuomba chuo cha kati na kusomea stashahada kwa miaka mitatu. Akimaliza huandikishwa na Baraza na kufanya kazi katika hospitali, vituo vya afya na maduka. Akiwa na matokeo mazuri, aweza kuomba shahada na kuendelea hadi kuwa mfamasia.

Tufanye hesabu. Kutoka Kidato cha Nne, njia ya kwanza ni miaka miwili, minne na mmoja: jumla saba. Njia ya pili ni mitatu, minne na mmoja: jumla minane. Ukiacha miezi ya kungojea, tofauti ni mwaka mmoja tu, na huyu wa pili huwa tayari na kazi mkononi kabla ya shahada. Kwa hiyo mzazi asilie kwa kuwa mwanawe hakuchaguliwa kwenda Kidato cha Tano.

Lakini hapa ndipo penye jambo lenyewe. Hata huyu wa stashahada, afikapo mlango wa chuo kikuu, huulizwa tena matokeo yake ya Kidato cha Nne katika masomo ya sayansi. Njia zote mbili hurudi mahali pamoja, nalo ni somo la Kemia. Na mwanafunzi hutakiwa kuchagua sayansi au kuiacha angali katika vidato vya chini, mara nyingi akiwa na umri wa miaka kumi na mitano au pungufu. Huiacha Kemia kwa kuwa mwalimu hayupo, au maabara haina vifaa, au msichana ameambiwa kwamba sayansi ni ya wavulana. Hakuna amwambiaye kwamba siku hiyo ameifunga famasi, uuguzi na udaktari kwa pamoja. Hugundua baadaye, akiwa na fomu ya maombi mkononi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Yatupasa nini, basi? Maofisa wa elimu wa wilaya, Bara na Visiwani, wahakikishe kwamba kabla ya siku ya kuchagua masomo kila shule imewaita wazazi na kuwaeleza milango ifunguliwayo na kila somo. Wataalamu wako karibu. Mbalizi ina hospitali ya Ifisi, na Mbeya ina kanda ya Bohari ya Dawa. Unguja ina bohari yake, na ina Mbweni, ambako mafunzo ya afya sasa yako chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mfamasia mmoja akizungumza na wanafunzi kwa saa moja kila mwaka, gharama yake ni nauli tu.

Mpango wa walimu wa sayansi na maabara nao usingojee wageni. Serikali imeondoa ada katika shule zake za sekondari, kwanza hadi Kidato cha Nne mwaka 2016, kisha hadi cha Sita mwaka 2022. Ada imeondoka, lakini Kemia isiyofundishwa ni ada nyingine, nayo hulipwa na mtoto.

Wazazi nao wachunguze kabla ya kutoa fedha. Chuo cha kati kiwe kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Vigezo vya shahada visomwe katika mwongozo utolewao kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu. Na habari za mikopo ziulizwe mapema katika Bodi ya Mikopo, ya Bara au ya Zanzibar. Tena kijana aambiwe ukweli: ajira za Serikali hutangazwa kwa awamu, wala hazimchukui kila mhitimu. Hata hivyo taaluma hii ina uwanja mpana wa hospitali, bohari, viwanda, ukaguzi wa dawa na maduka binafsi.

Nchi itakayokosa wafamasia itanunua dawa kwa fedha nyingi na kuzitumia vibaya. Wafamasia wa miaka kumi na miwili ijayo wako leo katika madawati ya Kidato cha Kwanza, Mbalizi na Pemba. Waelezwe sasa.