Sura ya Tatu: Daftari Likishafungwa

Kila mwaka mitihani ya kidato cha nne inapokaribia, wazazi huniuliza swali lile lile: mtoto anapiga msuli mpaka saa nane za usiku, mbona hafaulu? Kabla ya kujibu huomba kuliona daftari lake. Mara nyingi ni daftari la kupendeza. Vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula, na kalamu ya rangi imepita aya baada ya aya hadi kurasa nzima zimekuwa njano. Namwomba mwenyewe alifunge, anitajie sababu za Vita vya Maji Maji. Anaanza vizuri na kodi, anataja kilimo cha lazima cha pamba, kisha anatazama dari. “Nilikuwa naijua, mwalimu. Jana tu nimeisoma.”

Ni kweli ameisoma, na pengine zaidi ya mara moja. Shida ni kwamba ukiupitia ukurasa kwa mara ya nne macho yanateleza, hakuna neno geni, na mtu anauchukua wepesi huo kuwa ndio kujua. Kulitambua jibu lililokwisha kuandikwa ni kazi moja. Kulitoa kichwani mbele ya karatasi nyeupe ni kazi nyingine. Mtihani unadai hiyo ya pili, na mtoto amekesha akifanya mazoezi ya ile ya kwanza.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mzazi alijue. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu kifupi vipindi vinne mfululizo, likakipitia wastani wa mara 14. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, wastani wa mara tatu na kitu, kisha vipindi vitatu vilivyobaki likaandika liliyoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliosoma tu walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao asilimia 40, wenzao 61. Na waliosoma tu ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Uhakika huo ndio unaowaangusha watoto wetu.

Badala ya kulisema hili, watu wanauza mambo mengine. Wapo wanaouza kalamu zilizoombewa na dawa za kufungua akili. Sina ugomvi na dua. Mtoto na aombe, na mzazi amwombee. Ugomvi wangu ni na mtu anayechukua pesa ya mama aliyekwisha kubanwa na ada, akampa kalamu ambayo haiwezi kuandika kisichokuwamo kichwani.

Upuuzi wa pili umevaa suti. Ni ile semina inayomwambia mwalimu kwamba mtoto huyu ni “wa kuona,” yule “wa kusikia,” na kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwapo wakitafuta ushahidi kwamba kumfundisha mtu kwa “aina” yake kunamwongezea kitu. Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kuingiza jambo hilo madarasani. Bado fomu zake zinagawiwa, na nimewasikia watoto wakisema hawawezi kusoma kitabu kwa sababu wao ni “wa kusikia.” Hilo linaniuma kuliko kalamu, kwa sababu limeingia kwa jina la sayansi.

Nilipanga hapa nieleze usingizi kwa kirefu, lakini siwezi kumruka Hermann Ebbinghaus. Mjerumani huyu alichapisha mwaka 1885 kitabu juu ya kumbukumbu, na aliyejaribiwa humo ni yeye mwenyewe peke yake. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, ili asisaidiwe na mazoea ya lugha, akazikariri kwa safu akifuata mdundo wa saa. Uhodari wake ulikuwa katika kipimo. Hakujiuliza tu ninakumbuka nini. Alijifunza safu ile ile upya, akapima ameokoa kiasi gani cha muda wa mara ya kwanza. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58, baada ya saa moja 44, baada ya siku moja kama 34, na baada ya mwezi 21. Tazama mteremko huo: zaidi ya nusu imekwenda katika saa ya kwanza, na mwezi mzima unaofuata unachukua kidogo kuliko saa hiyo. Mwaka 2015 Jaap Murre na Joeri Dros wa Amsterdam walilirudia jaribio hilo, wakapata mteremko unaofanana na wake.

Ebbinghaus aliona pia kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalifaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Walimu wa vyuo vya Kurani huku pwani hawakumngoja Mjerumani kuwafundisha hilo: mwanafunzi husoma la jana kwa moyo, mwalimu akisikiliza, ndipo apewe somo jipya.

Usingizi sasa nitausema kwa kifupi. Miguu ndani ya beseni la maji baridi inamweka mtoto macho, lakini kulala ndiko kunakoimarisha aliyojifunza mchana. Usiku wa kuamkia mtihani alale.

Na mada uliyoimaliza Jumatatu, funga daftari, uandike unachokumbuka kwenye karatasi yoyote bila kuchungulia, hata ukikwama. Kule kutafuta ndiko kunakolikita somo. Kisha fungua, ujisahihishe kwa wino mwingine. Rudia Jumanne, Ijumaa, na wiki inayofuata. Mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita inafaa sana, mradi jibu lisitazamwe kabla ya swali kujaribiwa. Mkisoma kikundi, peaneni zamu ya kueleza ubaoni bila daftari. Kilichokushinda kiandike ukurasa wa mwisho kama swali, bila jibu lake, na Ijumaa uanze nacho.