Tutafute Chapati Bora Nyakarenzo

Huko Mexico na Marekani kuna chakula kiitwacho burrito: mkate bapa wa unga wa ngano uliokunjwa ukiwa na maharage, nyama au wali ndani yake. Jina hilo ni la Kihispania, maana yake ni punda mdogo. Sisi tungesema "kipunda". Watu wa huko hubishana sana kuhusu burrito ipi iliyo bora mtaani mwao. Je, mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda Nyakarenzo, mojawapo ya kata 18 za Wilaya ya Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, atafute nini? Jibu letu ni chapati, na aitafute kwa Kiswahili.

Chapati ilitoka Bara Hindi, ikafika pwani yetu, kisha ikaingia bara pamoja na wafanyabiashara. Nchini Uganda huviringishwa pamoja na mayai ya kukaanga na kuitwa "rolex", jina lililotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa. Uviringishaji huo ulipata umaarufu Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Huyo ndiye ndugu wa karibu wa burrito katika Afrika Mashariki.

Chapati iliyo bora hutambulikaje? Tazama mambo matatu. Kwanza, ikunje: isipasuke. Unga uliokandwa vizuri kisha ukaachwa upumzike huvutika bila kukatika. Pili, ichane: uone tabaka. Tabaka hupatikana kwa kusukuma donge, kulipaka mafuta, kulikunja na kulisukuma tena. Mafuta huzuia tabaka zisishikane. Chapati za maji, ambazo unga wake humiminwa kikaangoni, hazina tabaka hizo. Tatu, ishike: isiache mafuta mengi mkononi. Ikifaulu hapo, weka ndani mayai, maharage au sambaza wa kukaanga. Samaki hao wadogo waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sasa tuje kwenye lugha. Rwanda iliamua mwaka 2017 kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na wapo wanaodhani kwamba ndipo kilipoingia. Sivyo. Kilitumika katika biashara na katika utawala wa Wajerumani, uliokwisha mwaka 1916. Baadaye baadhi ya watu walikidharau kuwa ni lugha ya sokoni tu. Lakini chakula kina ushahidi wake: Kinyarwanda kina maneno "isambusa" na "amandazi", na hata kimeunda umoja wake, "irindazi", kwa kufuata ngeli zake chenyewe. Neno likishapewa umoja na wingi na wenyeji, si mgeni tena. Maneno mengine ni ya ukoo mmoja tangu zamani za Kibantu: amagi na mayai, inyama na nyama, amazi na maji.

Rusizi inapakana na Kongo, na mji wa Bukavu uko ng'ambo ya pili tu. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukuambia, "Chapati iko muzuri." Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: humsahihisha, "Sema, chapati ni nzuri." Kufanya hivyo ni kumvunjia heshima mtu aliyekijua Kiswahili kabla yako. Katika Kiswahili cha Kongo, "iko" hufanya kazi ya "ni", tena kwa utaratibu unaoeleweka. Andika ulichosikia, linganisha na Kiswahili sanifu, na mtihani ukifika tumia sanifu.

Unaponunua, salimia kwanza: "Habari za leo, mama?" Kisha, "Naomba chapati moja na mayai mawili." Usianze na "nataka". Uliza pia amekanda unga saa ngapi na ameupumzisha kwa muda gani. Maswali hayo mawili yatakufundisha vitenzi vya kupika kuliko orodha ya darasani.

Zoezi: onja chapati za wauzaji watatu, kisha andika aya moja ukieleza ni ipi iliyo bora na kwa sababu gani. Neno "tamu" peke yake halitapata alama.