Mche wa mgomba wa bure unaweza kukugharimu shamba zima

WANAOREJEA nyumbani kutoka Kongo na Burundi, pamoja na sisi tunaovuka mpaka kila siku kwa biashara, tuna desturi moja: hatupendi kurudi mikono mitupu. Ukikuta kwa shemeji yako Kamanyola au Cibitoke mgomba unaozaa mikungu minene, unaomba mche, unaufunga kwenye gunia na kwenda kuupanda kwako. Hapa Rusizi, ambayo wengi bado tunaiita Cyangugu, nimeona miche ya namna hiyo ikipita juu ya baiskeli, imebanwa katikati ya magunia ya mchele.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tangu miaka ya 1980 watafiti wanalijua bonde la mto Rusizi kuwa na ugonjwa wa virusi unaodumaza migomba. Huko Kongo ulikwisha kuonekana Yangambi mwaka 1958.

Dalili zake si ngumu. Majani mapya hutoka membamba na mafupi, yamesimama wima na kubanana kileleni kama fagio, kingo zake zikigeuka manjano. Chunguza kikonyo cha jani: utaona vistari na vidoto vya kijani kilichokolea. Mgomba ulioambukizwa ukingali mdogo hautoi mkungu kabisa. Dawa ya kuuponya haipo, na watoto wa shina hilo nao huugua.

Anayeueneza shambani ni kidukari, mdudu mdogo anayejificha kwenye maganda ya shina na kufyonza utomvu. Magee wa Australia alilithibitisha hilo mwaka 1927, wakati mashamba mengi ya ndizi ya New South Wales yalikuwa yameangamia. Kule ugonjwa uliingia kwa miche mwaka 1913. Wakulima walilazimishwa kung'oa migomba yenye ugonjwa na kupanda miche safi tu, ndipo kilimo hicho kikafufuka.

Lakini kidukari kazi yake kubwa ni kwenda kwa jirani. Safari ndefu, ya kutoka tambarare ya Bugarama hadi vilimani, hufanywa na mtu mwenye gunia. Ubaya ni kwamba mche wenye virusi unaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kuonyesha lolote. Shemeji aliyekupa hakukusudia mabaya.

Tafiti zilizofanywa Burundi zinaonyesha kuwa kwenye miinuko yenye baridi ugonjwa huenea polepole kuliko bondeni. Wapo wanaolichukua hilo kuwa kinga. Mimi silikubali, kwani aliyepanda mche mgonjwa kwa mkono wake hakumsubiri kidukari.

Ukiuona ugonjwa shambani, usikimbilie jembe. Vidukari wakisumbuliwa huhamia migomba mingine. Wauwe kwanza kwa dawa ya wadudu, kisha ng'oa shina zima, watoto na mizizi, ukatekate vipande vidogo ili visichipue tena. Kukata shina moja ukaacha watoto ni kazi bure.

Mikungu ya kula na ya kutengeneza urwagwa tuendelee kuiuza, kwani virusi hivi havimdhuru mlaji. Mche ndio ubaki ulikozaliwa. Anayeanza shamba upya amuulize agronomu wa sekta yake miche iliyozalishwa maabara inapatikana wapi, hata kama itambidi ailipie.