Je, Wajua? Oblivion na Skyrim: Kilichoongezwa na Kilichoachwa Njiani

The Elder Scrolls IV: Oblivion ilitoka Machi 2006. Ndugu yake mdogo, The Elder Scrolls V: Skyrim, akafuata Novemba 2011. Zote mbili ni kazi ya Bethesda Game Studios ya Maryland, Marekani, na zote ziliongozwa na Todd Howard. Wapenzi wa gemu za kifantasia wamebishana kwa miaka ipi kati yao ni bora. Leo tunaziweka bega kwa bega. Tutaangalia kilichoongezwa katika ya pili, na zaidi tutaangalia kilichoondolewa, kwa sababu hapo ndipo mvutano wenyewe ulipo.

DUNIA NA NJIA ZAKE

Je, wajua kwamba katika gemu zote mbili unaanza ukiwa mfungwa? Katika Oblivion umo kwenye seli ya gereza la mji mkuu, na Kaisari Uriel Septim VII anapita hapohapo akiwakimbia wauaji, maana njia yake ya siri ya kutorokea imejificha ndani ya seli yako. Katika Skyrim umefungwa mikono juu ya mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa katika mji wa Helgen, na joka linatua kabla shoka halijashuka. Kosa lako halitajwi popote, kwa hiyo historia ya mhusika wako unaitunga mwenyewe.

Je, wajua kwamba kati ya hadithi hizo mbili imepita miaka 201? Ya kwanza inafunga Enzi ya Tatu ya ulimwengu wa Tamriel, na ya pili inatokea mwaka wa 201 wa Enzi ya Nne. Himaya uliyoiokoa mara ya kwanza unaikuta mara ya pili imepungukiwa nguvu na imo vitani na raia wake yenyewe.

Je, wajua kwamba ramani zao zinakaribiana ukubwa? Ya Oblivion ilitangazwa kuwa na maili za mraba zipatazo 16, sawa na kilomita za mraba 41. Wengi huapa kwamba Skyrim ni kubwa zaidi, lakini kinachowadanganya ni milima. Katika Cyrodiil, jimbo la Oblivion, unapita misitu na mabonde karibu bila kizuizi. Katika Skyrim mlima mmoja unaweza kukuzungusha muda mrefu kabla hujaona upande wa pili.

Je, wajua kwamba kila gemu ina miji mikuu tisa? Oblivion ina Imperial City katikati na mingine minane kuizunguka. Skyrim ina majimbo tisa, kila moja na makao makuu yake, ila ni mitano tu yenye kuta na malango: Solitude, Windhelm, Whiterun, Riften na Markarth. Mingine minne ni midogo mno, ukiifananisha na miji ya Cyrodiil unasikitika.

Je, wajua kwamba Oblivion inakuruhusu kurukia karibu mji wowote mkubwa kupitia ramani tangu mwanzo, hata kama hujawahi kuukanyaga? Skyrim iliondoa ruhusa hiyo. Huko lazima ufike kwanza kwa miguu au kwa farasi, au ulipie gari la farasi linalosubiri nje ya mji. Hapa mdogo alimshinda mkubwa waziwazi, maana safari ya kwanza ya mguu ndiyo inayokuonyesha pango, kambi ya majambazi na kaburi la kale ambavyo ramani isingekwambia.

KUKUA KWA MHUSIKA

Je, wajua kwamba Oblivion ina ujuzi wa aina 21 na Skyrim 18? Tofauti kubwa haiko kwenye idadi. Katika Oblivion unachagua mapema wewe ni nani, yaani mpiganaji, mchawi, mwizi au mchanganyiko wako mwenyewe, kisha unateua ujuzi saba utakaokupandisha leveli. Skyrim haikuulizi kitu. Ukishika upinde kila siku unakuwa mpiga upinde, na kila ujuzi unahesabiwa.

Je, wajua kwamba Oblivion ina sifa nane za mwili na akili, zikiwemo nguvu, wepesi, ustahimilivu na hata bahati? Skyrim ilizifuta zote nane ikabakisha vitu vitatu vya kuongeza kila unapopanda leveli: afya, nguvu za uchawi na pumzi. Badala yake ikaleta miti ya vipaji iliyochorwa kama makundi ya nyota angani, na kila leveli inakupa nafasi ya kuchukua kipaji kimoja.

Je, wajua kwamba katika Oblivion kukimbia na kuruka ni ujuzi unaokua? Ndiyo maana wachezaji wake walivuka nchi nzima wakirukaruka. Aliyefika mbali katika ujuzi huo aliweza kupanda paa kwa mruko mmoja. Skyrim iliuondoa, na pamoja nao ikaondoa furaha moja ambayo haijarudishwa.

Je, wajua kwamba katika Oblivion hupandi leveli mpaka ulale kitandani? Unaweza kupigana siku nzima, ukaambiwa uko tayari, lakini bila kitanda hakuna kitu. Halafu nyongeza ya kila sifa inategemea ujuzi ulioutumia tangu leveli iliyopita, kiasi kwamba mchezaji makini huishia kupiga hesabu badala ya kucheza. Skyrim inakupandisha popote ulipo.

Je, wajua kwamba lawama kubwa kuliko zote iliyoiangukia Oblivion ni kwamba dunia nzima inakua pamoja nawe? Ukifika leveli za juu, jambazi wa kawaida wa barabarani anakusimamisha kudai sarafu chache huku amevaa deraya ya thamani ya utajiri mzima. Skyrim ilirekebisha hilo kwa kuyapa maeneo mengi kiwango cha chini na cha juu. Mgeni wa leveli ya kwanza akimchokoza jitu la nyandani, rungu litamrusha mawinguni, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Maendeleo yako hayana maana kama huwezi kurudi siku nyingine ukalipiza.

SILAHA, DAWA NA UCHAWI

Je, wajua kwamba upanga wa Oblivion huchakaa? Unatembea na nyundo za ukarabati, na silaha iliyochoka hupunguza makali. Skyrim iliondoa uchakavu ikaleta uhunzi kamili: unachimba madini, unayayeyusha, unafua silaha na kuinoa mwenyewe.

Je, wajua kwamba Oblivion inakuruhusu kutunga uchawi wako? Ukishaingia Arcane University, chuo cha wachawi, unachanganya nguvu mbalimbali katika uchawi mmoja, unapanga ukali wake, muda wake na upana wake, kisha unaupa jina. Moto, barafu na kupooza, vyote kwa pigo moja, kama uwezo wako unatosha. Skyrim ilifuta kabisa nafasi hiyo. Aina za uchawi nazo zilishuka kutoka sita hadi tano, Mysticism ikavunjwa na vipande vyake kugawiwa nyingine. Kilichokuja badala yake ni uchawi unaoshikwa mkononi kama silaha: moto mkono wa kulia, kinga mkono wa kushoto, au uchawi uleule mikono yote miwili upate nguvu zaidi. Unapendeza macho kuliko ule wa zamani, lakini ubunifu wa mchezaji umebaki mlangoni.

Je, wajua kwamba katika gemu zote mbili kila kiungo cha dawa kina nguvu nne zilizofichika? Katika Oblivion zinajifunua kadiri ujuzi unavyopanda, na kinu chako unakibeba popote. Katika Skyrim unazigundua kwa kutafuna kiungo au kwa kukichanganya na kingine kwenye meza ya kazi. Njia ya Skyrim ni bora, kwa kuwa inamlipa anayethubutu kujaribu.

Je, wajua kwamba milango mingi ya makaburi ya kale ya Skyrim hujibiwa na kitu ulichokishika tayari? Kucha la joka linalotumika kama ufunguo lina alama tatu zilizochongwa kiganjani. Ligeuze, ulitazame vizuri, na fumbo limekwisha.

VYAMA NA WATU WAKE

Je, wajua kwamba kuingia chuo cha wachawi katika Oblivion kunahitaji barua za mapendekezo kutoka matawi saba ya chama chao, katika miji saba tofauti? Kila mkuu wa tawi ana kazi yake ya kukupa, na kila kazi ni hadithi. Katika Skyrim, mwanamke aliyesimama darajani Winterhold anakuomba umwonyeshe uchawi mmoja tu, basi umepita. Baada ya misheni chache unaweza kuwa mkuu wa chuo kizima. Hapa Oblivion inashinda bila ubishi, maana cheo kisichotolewa jasho hakina ladha.

Je, wajua kwamba Dark Brotherhood, chama cha wauaji wa siri, hukufuata usingizini katika gemu zote mbili? Katika Oblivion ukimuua asiye na hatia, Lucien Lachance anakutokea unapolala. Katika Skyrim, Astrid anakuteka ukiwa umelala na unaamkia kwenye kibanda usichokijua. Misheni za chama hicho katika Oblivion zilibuniwa na Emil Pagliarulo. Mojawapo inakufungia ndani ya jumba pamoja na wageni wa karamu, uwamalize mmojammoja huku wakikuuliza wewe unamshuku nani.

Je, wajua kwamba Oblivion inaanza kwa kushuhudia Kaisari akiuawa usiweze kumwokoa, na katika Skyrim chama cha Dark Brotherhood kinaweza kukutuma umuue Kaisari mwingine, Titus Mede II, ndani ya meli yake? Ukicheza zote mbili kwa mfuatano, pigo hilo linakuwa zito mara mbili.

Je, wajua kwamba wahusika wa Oblivion walisifiwa kwa kuwa na ratiba za maisha, yaani kula, kulala, kufanya kazi na kwenda kanisani? Ila ukizungumza na mmoja wao, dunia nzima husimama na uso wake hujaa skrini. Ukitaka akupende unatumia duara lenye vipande vinne: sifa, majigambo, utani na vitisho. Skyrim iliondoa duara hilo. Unapozungumza, kinu kinaendelea kuzunguka na mbwa anaendelea kubweka.

SAUTI NA MUZIKI

Je, wajua kwamba Kaisari wa Oblivion ameigizwa sauti na Patrick Stewart, na mwanawe Martin na Sean Bean? Fedha ya majina makubwa ilionekana, lakini raia wa kawaida waligawana waigizaji wachache, hivyo unasikia sauti ileile kutoka mji hadi mji. Skyrim ilitumia waigizaji zaidi ya 70. Max von Sydow na Christopher Plummer wamo, na joka mzee Paarthurnax amepewa sauti na Charles Martinet, yuleyule aliyekuwa sauti ya Mario wa Nintendo kwa miaka mingi.

Je, wajua kwamba muziki wa zote mbili ulitungwa na Jeremy Soule? Katika wimbo mkuu wa Skyrim, kwaya ya watu wapatao 30 ilirekodiwa mara tatu na sauti kupandanishwa ili zisikike kama 90. Wanaimba kwa lugha ya majoka iliyobuniwa kwa ajili ya gemu hiyo, yenye herufi 34 zilizochorwa kwa umbo linalowezekana kuchanwa kwa makucha.

ALAMA ZA MKUBWA NDANI YA MDOGO

Je, wajua kwamba mji wa Dawnstar katika Skyrim una jumba la makumbusho la Mythic Dawn, kundi lililomuua Kaisari katika Oblivion? Roho ya Lucien Lachance nayo inaweza kuitwa ikupiganie. Na Sheogorath, bwana wa wendawazimu, anadokeza kwamba matukio yale ya zamani aliyashuhudia kwa macho yake. Aliyemaliza Shivering Isles, nyongeza ya Oblivion ya 2007, anaelewa mara moja anayeongea ni nani.

Je, wajua kwamba Aprili 2006 Bethesda iliuza deraya ya farasi wa Oblivion kwa dola 2.50, na wachezaji wakakasirika? Deraya hiyo bado inatajwa kila biashara ya vipande vidogovidogo vya gemu inapojadiliwa.

Je, wajua kwamba Skyrim imevuka nakala milioni 60, na imetolewa upya mara kadhaa, zikiwemo 2016 na 2021? Wakati huohuo kikundi cha wapenzi wanaojitolea kimekuwa kikiijenga upya Oblivion nzima ndani ya injini ya Skyrim, katika mradi uitwao Skyblivion.

Je, wajua kwamba Aprili 22, 2025 Oblivion yenyewe ilirudi ikiwa na sura mpya, kazi ya Virtuos pamoja na Bethesda, ikauzwa siku hiyohiyo ilipoonyeshwa? Mfumo wake wa kupanda leveli umechanganya wa gemu zote mbili: sifa za zamani zimebaki, hesabu za kuchosha zimeondoka. Wahusika sasa wanaweza kukimbia mbio kama katika Skyrim.

Mchanganyiko huo ndio hukumu ya haki kuliko zote. Skyrim ilifungua mlango kwa mamilioni kwa kufuta hesabu zisizo na raha, na ilifanya vyema. Lakini ilifuta pia vitu vilivyomfanya mchezaji awe mbunifu na avitolee jasho vyeo vyake. Kwa anayeanza leo, ushauri ni huu: cheza Oblivion kwanza, umalize chama cha wachawi na cha wauaji, ndipo uingie Skyrim. Na kwa Bethesda, iliyoitangaza The Elder Scrolls VI tangu Juni 2018, ombi ni moja: milima na majoka yabaki, ila turudishieni meza ya kutungia uchawi.