Jengo la Spana

Klampu ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Ina mataya mawili, kila taya na boliti yake, na kazi yake ni kushika mabomba ya skafoldi pale yanapokutana. Utaiona kwenye maghorofa mengi yanayopanda Nairobi. Ghorofa likikamilika, hutiwa guniani ikangoje kazi nyingine. Imenikaa akilini tangu nilipofuatilia habari za Shule ya Kibera Hamlets.

Mwaka 2015, wasanifu SelgasCano wa Uhispania na wenzao wa helloeverything walibuni banda kwa ajili ya maonyesho ya usanifu wa Afrika katika makumbusho ya Louisiana, Denmark. Walitumia mabomba ya skafoldi, mbao na karatasi za polikaboneti zinazopitisha mwanga. Maonyesho yalipofungwa, banda halikwenda jaani. Lilifunguliwa, likahamishiwa Kibera, na wakazi wakashiriki kulisimamisha upya, safari hii liwe madarasa ya shule hiyo.

Keti na fundi yeyote wa mitaa ya Kibera au Kawangware jijini Nairobi umuulize jengo hilo linatofautiana vipi na vibanda anavyojenga yeye. Hataanza na sanaa. Ataanza na msumari. Msumari, atakueleza, ukiung'oa unapasua ubao na kuacha tundu kwenye bati. Bati hilo utalipiga tena kwingine, lakini tundu la zamani halitaangukia juu ya boriti mpya, kwa hiyo mvua inapita. Utaziba kwa lami, utaziba kwa kipande cha mpira. Likishahama mara kadhaa, limekuwa chujio.

Boliti haina kisirani hicho. Ilegeze kwa spana, bomba litatoka likiwa zima. Ila nayo ina masharti, na hapo fundi atakunja mikono ya shati. Nati ipakwe grisi, la sivyo kutu itaishika na utaitafutia msumeno. Polikaboneti nayo hutanuka kwenye jua kali, basi tundu lake liwe pana kidogo kuliko boliti. Ukiibana sana, itapasuka hata kabla ya kuhamishwa. Jengo la kuhama, kwa maneno mengine, hujulikana siku ya kujengwa.

Hesabu hiyo ina uzito wake mitaani humu. Wanubi wamekaa Kibera tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na bado nyumba nyingi za huko huhesabiwa kuwa za muda. Julai 2018, tingatinga zilipita kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata. Nyumba na shule zikalazwa chini, maelfu ya watu wakabaki nje. Kawangware nako, mwenye kibanda kando ya Naivasha Road hujenga akijua siku yoyote anaweza kuambiwa aondoke. Msanii wa Ulaya huchagua kujenga kitu cha muda. Mkazi wa hapa huchaguliwa.

Ndiyo maana natamani banda la sanaa la kupumzikia, la mabomba ya kukodi, lisimame Kibera msimu mmoja na Kawangware msimu mwingine. Kuwe na kivuli na mabenchi, mama mwenye mzigo atue, vijana wapige soga bila kulazimika kununua soda. Muda ukiisha, mabomba yarudi kwa mwenyewe.

Fundi atasikiliza ndoto hiyo, kisha aulize nani atalilinda usiku. Chuma kina bei kwa kilo, na klampu ishirini ni chakula cha jioni cha mtu. Kounkuey Design Initiative, shirika ambalo limejenga maeneo ya umma na wakazi wa Kibera kwa miaka mingi, huyaambatanisha na vyanzo vya mapato, kama vyoo na vibanda vya biashara, ili matunzo yagharimiwe. Ni busara, nami sina ubishi nayo. Lakini kivuli nacho kikidaiwa kijilipie, aliyechoka na hana hata shilingi atakaa wapi?