Kinachosukuma Mashua ya Mashine

Sisi tukaao Chumbageni, mjini Tanga, hatuko mbali na bahari, nasi huona mashua za mashine zikienda kuvua. Je, ni nini hasa kinachoisukuma mashua? Utajibu: ni rafadha, yale mapanga yazungukayo majini. Ndiyo, lakini hayo si yote.

Tazama mtu asukumaye ngalawa kwa upondo. Upondo husukuma mchanga, mikono hupokea nguvu, na miguu huipeleka nguvu hiyo kwenye chombo. Miguu ikiteleza, yeye ataanguka na ngalawa itabaki pale pale. Rafadha nayo husukuma maji nyuma, na maji huisukuma mbele pamoja na mhimili wake. Lakini mhimili wazunguka, na mashua haizunguki! Basi ndani mna beringi ya msukumo, ipokeayo nguvu ya mhimili bila kuuzuia kuzunguka. Hiyo ndiyo miguu ya mashua.

Zamani beringi hizo katika meli zilisuguana na kupata moto. Michell wa Australia aliandikisha uvumbuzi wake mwaka 1905, na Kingsbury wa Marekani akapewa hati yake mwaka 1910; kila mmoja alivumbua peke yake. Waliweka vibao vidogo viwezavyo kuinama kidogo. Mhimili uzungukapo, mafuta huingia penye nafasi pana na kubanwa penye nafasi nyembamba, yakauinua mzigo wote. Chuma hakigusi chuma. Beringi ya Kingsbury iliyofungwa mwaka 1912 katika kituo cha umeme cha Holtwood, Marekani, ilibeba tani 200 hivi. Hata mota nyingi za pampu zizamazo kisimani zina beringi ya namna hiyo, na humo maji hufanya kazi ya mafuta.

Mashine ndogo za wavuvi hutumia beringi za gololi au za rola, ndani ya mafuta ya gia. Adui yao ni maji ya chumvi. Mshipi ukijizungusha nyuma ya rafadha hukata sili, ule mpira uzuiao maji. Basi, ndugu mvuvi, fungua rafadha mara kwa mara uutoe mshipi. Yatazame na mafuta ya gia: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Usitoke siku hiyo. Mwite fundi abadili sili na mafuta. Beringi ikivunjika katika mkondo wa Pemba, utachukuliwa na maji, na watoto watangoja nyumbani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na baharini hakuna pa kujengea.