Funika Kwanza, Ndipo Utume: Skrinishoti ya Malipo Kwenye Grupu

Wikendi ya sikukuu inakaribia na grupu la WhatsApp limechangamka. Mnaenda Shelly Beach: mtavuka na feri hadi Likoni, na kottage imeshapatikana. Mweka hazina anaandika, "Aliyelipa atume ushahidi." Basi kila mtu anarusha skrinishoti. Mko watu arobaini, na nusu yenu hamjuani.

Ebu tuusome ujumbe mmoja vile tapeli angeusoma. Kuna namba ya muamala, kiasi, jina la aliyelipwa na namba yake ya simu, tarehe, saa, na salio lililobaki. Jina lako na namba yako tayari ziko kwenye grupu. Kesho unapigiwa: "Ni huduma kwa wateja. Malipo yako ya shilingi 3,500 ya jana saa nne na dakika kumi yamekwama. Tutajie namba yako ya siri tuyarudishe." Kila alichotaja ni sawa, utamshukuje? Na kama salio lako ni nono, ameshajua kwamba unafaa kusumbuliwa. Sisi hatuulizi namba ya siri kwa simu, hata siku moja.

Halafu kuna mwenye kottage. Namba yake umeigawa kwa watu arobaini, na yeye hata hayuko kwenye grupu.

Sasa, kufunika. Hapa ndipo wengi tunakosea, hata sisi ofisini. Ile kalamu pana ya kupaka rangi kwenye simu nyingi si nzito kabisa, rangi yake inapenya. Ukipitisha mara tatu unaona weusi mtupu, lakini mtu akiongeza mwangaza wa picha, tarakimu zinajitokeza. Kutia ukungu nako si salama kwa namba: tarakimu ni kumi tu, na kuna programu zinazoweza kukisia iliyofichwa. Tumia kisanduku cha rangi nzito isiyopenya, au kata kabisa sehemu hiyo.

Kukata nako kuna kisa chake. Mwaka 2023 watafiti wawili, Simon Aarons na David Buchanan, walionyesha kwamba picha zilizokatwa kwa programu ya kuhariri ya simu za Google Pixel zilibaki na sehemu ya picha ya awali ndani ya faili, na mtu aliweza kuirudisha. Google ilirekebisha hitilafu hiyo Machi mwaka huohuo, lakini picha zilizokuwa zimeshatumwa hazikurekebika. Ndiyo maana sisi tunafanya hivi: funika, kisha piga skrinishoti mpya ya hiyo picha iliyofunikwa, na utume hiyo mpya.

Kitambulisho ni hatari zaidi, kwa sababu jina kamili, namba ya kitambulisho na namba ya simu ndivyo anavyotafuta mtu anayetaka kuhamisha laini yako. Kottage ikitaka nakala, uliza wanaihitaji ya nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka wachukue kile tu wanachohitaji kwa kazi hiyo. Ukituma, andika juu ya picha jina la kottage na tarehe, ili isije ikatumika kwingine.

Picha za ufuoni je? Kamera ikiwa imeruhusiwa kusoma mahali ulipo, faili hubeba ramani ya pale ulipopigia. WhatsApp huiondoa ukituma kama picha ya kawaida, ila ukituma kama hati inaenda nayo. Picha ya kitandani kwako nyumbani nayo ni hivyohivyo.

Mweka hazina, nawe usiamini skrinishoti, maana hutengenezwa. Angalia simu yako kama pesa imeingia. Anayechanga anaweza kukuandikia kiasi na namba ya muamala tu, inbox, na mambo yakaisha.

Umeshatuma? WhatsApp inakuruhusu kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na nusu hivi, ingawa aliyehifadhi nakala anabaki nayo. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kata, halafu utupigie wewe mwenyewe kwa namba iliyo ndani ya programu yetu.